Ngazi za Hurumzi

Ngazi za nyumba ya Hurumzi hazina huruma. Ni za mbao, nyembamba, zimesimama wima kama ngazi ya kupandia darini kwenye mahindi, na ukidhani umefika juu unakuta bado kuna nyingine. Nilikuwa na begi moja la nguo na mfuko wa vitabu, na nilikuwa nimeshaamua kubeba mwenyewe, maana sisi tuliokulia Ipililo hatujazoea kubebewa. Kijana wa hoteli akakataa katakata. Akalichukua begi, akaliweka begani badala ya kulishika mkononi, akaanza kupanda huku akihesabu kitu kwa sauti ya chini. Tulipofika ghorofa ya pili ndipo nikasikia anachohesabu: imo, ibhili, idatu.

Nikasimama. "Mwangaluka," nikamwambia, ingawa ilikuwa saa kumi jioni na hiyo ni salamu ya asubuhi.

Alicheka nusura begi limponyoke. "Mhola, dada! Wewe wa wapi?"

"Ipililo. Maswa."

"Mimi Malampaka!"

Basi tukaziba ngazi hapo hapo, watu wawili wa wilaya moja, tukiulizana mvua imenyeshaje na pamba imefunguaje, mpaka wazee wawili wa Kizungu waliokuwa wanashuka wakasimama kutusubiri kwa adabu. Alikuwa na miaka mitatu Unguja. Nikamuuliza anahesabu nini. Akasema anahesabu vidato, kila mara, maana ukihesabu mzigo unapungua uzito. Sikumwambia kitu. Lakini wazo lililonijia pale ngazini halikuniacha siku zote mbili nilizolala mle, na ndilo linalonifanya niandike.

Kwanza nieleze nilifikaje, maana hoteli ile si ya watu wa mfuko wangu. Nilikuwa nimemaliza kazi ya kutafsiri, miezi minne ya kukaa kwenye kiti kibovu pale Mwanza, na nililipwa kwa mkupuo. Tangu nikiwa sekondari nilikuwa na tamaa ya kulala katika nyumba ya kale ya Mji Mkongwe, kitanda cha samadari na chandarua, vioo vya rangi dirishani, adhana ikiingia na upepo. Nikalipia usiku mbili. Usiku mmoja, kwa bei ya msimu ule, ulikuwa karibu kilo mia nne za pamba. Nimeitaja kwa kilo kwa sababu ndivyo nilivyoihesabu mwenyewe, bila kutaka, nikiwa nabonyeza namba ya siri kwenye simu. Ekari moja ya baba yangu, mwaka ukiwa mzuri na wadudu wakiwa na huruma, hutoa kilo mia tatu. Nikamdanganya baba. Nikamwambia nimefikia gesti.

Wageni wengi hudhani Mji Mkongwe ni wa kale mno. Sivyo. Ngome iliyopo Forodhani waliijenga Waomani baada ya kuwafukuza Wareno mwaka 1698, na nyumba nyingi kubwa tunazozipiga picha ni za karne ya 19. Anayetaka ukale wa kweli aende Kizimkazi, kwenye msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107, au avuke aende Kilwa. Kilichojaa Mji Mkongwe ni utajiri wa kipindi kimoja kifupi: pembe, karafuu, watu. Ulimwagika hapo kwa miaka kama sabini, ukaganda ukawa majumba. Unesco wakauweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2000.

Nyumba ya Hurumzi ni mojawapo ya magando hayo. Ilikuwa ya Tharia Topan, Mhindi wa Kiismailia aliyesimamia forodha ya Sultani na kukopesha karibu kila mtu aliyekuwa na safari ya bara. Ndiye huyo huyo aliyeagiza lile jengo la Dispensari ya Kale linalotazama bandari, lenye roshani kama kazi ya sindano. Baadaye, wenyeji husema, serikali ya Kiingereza ikaigeuza nyumba ya Hurumzi kuwa ofisi ya kununua uhuru wa watumwa kutoka kwa mabwana zao, na mtaa ukapata jina lake kutokana na neno hilo, uhuru. Katika miaka ya 1990 Mmarekani mmoja, Emerson Skeens, akaifanya hoteli pamoja na mwenzake. Emerson alifariki mwaka 2014, jina lake bado liko mlangoni.

Chumba changu kilikuwa kirefu na chembamba. Hilo nalipenda kulieleza kwa sababu lina siri yake: katika nyumba nyingi za mji huu upana wa chumba ni urefu wa boriti. Dari hubebwa na miti ya mikoko, na mkoko wa maana hauzidi sana urefu wa mtu mmoja na nusu au wawili. Kwa hiyo tajiri awe tajiri namna gani, chumba chake hakiwezi kupanuka kuliko mti uliokatwa Rufiji au Lamu na kuletwa na jahazi. Anachoweza ni kurefusha, na kupanda juu. Ndiyo maana ya ngazi zote zile. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba mchana wa Februari ulibaki nje kama mgeni ambaye hajakaribishwa.

Kitanda kilikuwa juu, kina kigoda cha kupandia. Nikapanda, nikalala chali, nikashika shuka. Nitakuwa mkweli: nilifurahi kama mtoto. Kuna insha nyingi za namna hii ambazo mwandishi hulala mahali pazuri kisha hujilazimisha kuteseka ili msomaji amsamehe. Mimi sikuteseka. Maji yalikuwa ya moto, shuka zilikuwa laini na nzito, nikalala usingizi wa saa mbili mchana, kitu ambacho mama yangu angekiita ugonjwa.

Lile wazo la ngazini lakini.

Kwetu kuna hadithi ya babu wa babu yangu. Kijana, kabla hajaoa, aliungana na watu waliokuwa wanakwenda Tabora, na kutoka Tabora akashuka na msafara mpaka Bagamoyo akiwa amebeba pembe. Hakufungwa mnyororo. Alikwenda kwa miguu yake na kwa hiari yake, kama walivyokwenda maelfu ya Wanyamwezi na Wasukuma karne ile, maana kwao safari ya pwani ilikuwa namna ya kuwa mwanamume. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, kilo thelathini na kitu, ukiacha chungu chake, mkeka wake na silaha yake. Malipo yalikuwa vitambaa. Aliporudi Usukuma alikuwa na merikani ya kutosha kuanzia maisha, na alikuwa na habari moja iliyomharibia jina: kwamba ameona maji makubwa ambayo asubuhi huondoka na jioni hurudi.

Watu walimcheka. Habari ya ziwa lisilo na ng'ambo isingewashangaza, Nyanza iko jirani. Habari ya maji ya chumvi pia wangeikubali, kwa sababu watu wa kwetu walizoea kufuata chumvi Eyasi. Lakini maji yanayoondoka? Yanakwenda wapi? Basi akabaki na sifa ya uongo mpaka anazikwa, na katika ukoo wetu mtu akitia chumvi kwenye maneno yake bado huambiwa: haya, na maji yamerudi?

Jioni ya kwanza nilishuka Forodhani. Nilikula urojo nimesimama, nikawatazama vijana wakijirusha baharini kutoka ukutani, nikarudi kulala. Asubuhi, kabla ya chai, nikaenda tena. Ule ukuta ambao jana watoto walikuwa wanaruka kutoka juu yake kuingia kwenye maji, chini yake sasa kulikuwa na mchanga, mwani, na mashua imelala ubavu. Nilikuwa nimeshaona bahari Dar mara nyingi, nikiwa ndani ya daladala, nikiwa na haraka. Sikuwahi kusimama nikaangalia yakiwa yameondoka. Nikacheka peke yangu. Mama mmoja aliyekuwa anapita na kikapu akaniuliza, "Kheri, mwanangu?" Nikamwambia kheri, naangalia maji yalivyokimbia. Akanitazama. "Yatarudi hayo," akasema, "wewe mtu wa bara nini?"

Sasa jambo lenyewe ni hili. Babu yule alifika Bagamoyo, hakuvuka. Wapagazi wengi waliishia huko. Wakitua mzigo, pembe ikapimwa, ikapakiwa kwenye jahazi, ikaja Unguja kwenye forodha ya akina Tharia Topan, nao wakabaki ng'ambo ile wakisubiri mzigo wa kurudi nao, vitambaa, shanga, waya. Pembe ilivuka. Mbebaji hakuvuka. Mimi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kulala kwenye nyumba ambayo mizigo ile ilikuwa inaijenga, na nikakuta Msukuma mwenzangu ameshatangulia, yuko ngazini na begi begani.

Siku ile nilizunguka na kundi la watalii. Mtembezaji alikuwa hodari, lugha tatu mdomoni, mzaha wa kutosha. Tulikwenda kanisa la Mkunazini lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, tukashuka kwenye vile vyumba vya chini ambavyo huonyeshwa wageni, tukatoka kimya. Tukapita nyumba ya Tippu Tip kule Shangani, imechakaa, nguo zimeanikwa. Katika maelezo yote ya saa tatu kulikuwa na Sultani, kulikuwa na tajiri wa Kihindi, kulikuwa na balozi wa Kiingereza, na kulikuwa na mtumwa. Mtu wa bara alikuwa na nafasi moja tu, ya kuletwa amefungwa. Simlaumu mtembezaji. Mnyororo una picha, na ni kweli tupu. Hakuna namna ya kuupunguza wala mimi sitaki upunguzwe. Lakini nilitamani mtu mmoja ataje kwamba kulikuwa pia na watu wa bara walioshuka kwa mkataba, wakibishania posho, wakigoma njiani, wakiimba, na kwamba wengine kati yao walibeba pembe huku mbele yao wakitembezwa mateka, wakaona, wakaendelea kutembea. Babu yangu inawezekana kabisa alikuwa miongoni mwao. Hadithi ya kwetu haisemi. Inasema maji tu.

Nilirudi chumbani nikavitoa vitabu. Nilikuwa na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyoitafsiri Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, na nilikuwa na Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip mwenyewe. Waliowahi kuisoma hii ya pili wanajua inavyosomeka: Kiswahili kikavu, cha mtu anayehesabu mali, vita inakwisha kwa mistari mitatu, frasila za pembe zinapewa nafasi. Tharia Topan yumo, mkopeshaji. Kukisoma kitabu hicho ndani ya nyumba ya Tharia Topan kulinipa hisia ya ajabu, kama kusoma daftari la deni mbele ya mwenye duka. Wapagazi wamo pia, lakini kama mvua ilivyomo: wamepatikana, hawakupatikana, wametoroka. Gurnah anawasogelea zaidi. Msafara wa Ami Aziz una mnyapara mwenye jina, una harufu, una hofu. Hata hivyo macho ni ya Yusuf, kijana aliyewekwa rehani, na wabebaji tunawaona migongo. Nilisoma mpaka taa za mtaani zikawaka, nikimsubiri mmoja ageuke. Hiyo siiandiki kama kasoro ya riwaya. Ni njaa yangu mwenyewe kama msomaji, na pengine ni kazi ya mwandishi wa kwetu, si ya Gurnah.

Usiku nilipanda juu kabisa, paani, wanakoandaa chakula na watu hukaa chini kwenye mito. Kutoka huko mji wote ni mabati ya kutu na minara. Upande wa bahari pana pengo, pale Beit el-Ajaib ilipoanguka sehemu yake siku ya Krismasi 2020. Nikampigia baba. Kwetu mtandao hushika vizuri ukisimama juu ya kichuguu nyuma ya zizi, kwa hiyo ukimpigia unamsikia kwanza akihema akipanda, na ng'ombe.

Nikamweleza habari za nyumba. Yeye hupenda habari za nyumba, zimejengwa kwa nini, zimeezekwaje. Nikamweleza boriti, akauliza mchwa je. Nikamweleza kwamba watumwa waliachiwa huru humu, serikali ikawa inalipa. Akanyamaza kidogo.

"Ikawa inamlipa nani?"

"Mabwana zao, baba. Fidia." Nikamwambia na ya mwaka 1897, amri ya Sultani Hamoud ya kufuta utumwa Unguja na Pemba, kwamba hata hapo aliyefidiwa ni bwana, na mtumwa ilibidi aende mwenyewe mahakamani kuomba, na masuria hawakuhesabiwa mpaka 1909.

"Na aliyekuwa anafanya kazi, yeye alipewa nini?"

"Karatasi. Cheti cha uhuru."

Nikasikia anacheka, kicheko kile cha puani. "Na mimi nina karatasi," akasema.

Nilijua anasema nini. Msimu ule alikuwa amepeleka pamba yake, ikapimwa, ikaandikwa, akapewa stakabadhi na ahadi ya wiki mbili. Ilikuwa inakwenda miezi mitatu. Mnunuzi alikuwa hapokei simu. Stakabadhi baba aliiweka kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya Biblia, na kila Jumapili alikuwa anaiona.

Sikumfananisha na mtumwa, na yeye hakujifananisha. Alifanya utani wa mkulima. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye mto wa hariri, nimekula samaki wa nazi, na nilipomuuliza kama anahitaji chochote akasema hapana, akaniuliza gesti yenyewe wanatoza ngapi. Nikasema elfu thelathini. Akasema ghali.

Asubuhi ya kuondoka, kijana wa Malampaka alikuja kuchukua begi. Tukavutana. Mwishoni tukakubaliana yeye begi, mimi vitabu, na tukashuka tukihesabu kwa sauti. Tulipofika chini akaniomba nisubiri. Akarudi na kifurushi, kimefungwa kwa gazeti na kamba ya katani: karafuu, pea ya kanga, na kitu kigumu ambacho sikuuliza. Kama kilo nne.

"Ukipita Malampaka, dada, mpe mama. Na nakuomba kitu. Usimwambie nabeba mabegi. Yeye anajua niko mapokezi."

Nikamwambia sawa. Nilikuwa mtu wa mwisho duniani wa kumhubiria kuhusu kudanganya wazazi.

Boti, Ubungo hadi Magufuli, basi la usiku. Karafuu zilinuka basi zima mpaka Singida. Jirani yangu akauliza kama nauza. Ipililo nilikaa siku nne. Siku ya tatu, tukiwa tunapukuchua mahindi, nikamwambia baba ukweli, nikamtajia kwa kilo. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu.

"Mia nne."

"Kwa usiku mmoja, baba. Nililala mbili."

Akachukua hindi jingine. "Shuka zilikuwa nzuri?"

"Nzuri sana."

"Za pamba?"

"Za pamba."

Akatikisa kichwa taratibu, sikujua kama ni kwa masikitiko au ni vile fundi anavyokubali kazi ya fundi mwenzake. Hatukulizungumza tena. Fedha za stakabadhi zilikuja baadaye, pungufu, na hiyo ni habari nyingine.

Nikirudi Mwanza nilipitia Malampaka. Nyumba niliipata kwa kuuliza, karibu na reli, mbuzi wawili mlangoni. Mama yule alinipokea kwa mikono miwili, akanikalisha kwenye kiti pekee chenye mgongo, akafungua kamba kwa subira bila kuikata. Kile kitu kigumu kilikuwa kibao cha mbuzi, kipya, cha kukunia nazi. Nazi zenyewe Malampaka utazipata wapi mara kwa mara? Tukacheka wote. Akazinusa karafuu, akaziweka pembeni, akazikunjua kanga akazisoma, akazikunja.

"Mwanangu hajambo?"

"Hajambo, mama. Amenenepa. Yuko vizuri hapo mapokezi."

Akaitikia. Akanimiminia chai, akaongeza sukari bila kuniuliza, akanisogezea kikombe.

"Na ngazi za hapo kwao," akasema, "ni nyingi?"